Tairi Linaloomba Upepo Kila Baada ya Wiki Mbili

Taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi: mchoro wa tairi lililokatwa kwa ubavu, chini limetambaa, katikati alama ya mshangao. Dereva anapita kituo cha mafuta, anajaza upepo, taa inazima, safari inaendelea. Wiki mbili baadaye inawaka tena, na tairi ni lilelile. Hapo ndipo lawama zinapoiangukia taa: imeharibika, inasumbua, fundi aizime kabisa. Lakini taa haina kosa. Kuna mahali upepo unatoka, na kujaza kila mara bila kupatafuta ni kuteka maji kwa pakacha.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba taa hii huchelewa. Haikutengenezwa ikuambie tairi limepungukiwa kidogo, imetengenezwa ikuambie umefika pabaya. Marekani ilipitisha sheria ya TREAD mwaka 2000, baada ya ajali nyingi za matairi ya Firestone yaliyokuwa yakipasuka kwenye magari ya Ford Explorer, na kufikia Septemba 2007 magari madogo mapya yote yaliyouzwa huko yalitakiwa kuwa na mfumo wa kuonya. Kiwango walichoweka ni asilimia 25 chini ya presha iliyopendekezwa na mtengenezaji wa gari. Ulaya ilifuata, na tangu Novemba 2014 kila gari dogo jipya linalouzwa huko lazima liwe nao. Kiwango chao ni asilimia 20. Sasa piga hesabu. Tairi linalotakiwa kuwa na 33 psi (kipimo cha presha, pauni kwa inchi ya mraba) linaweza kushuka hadi karibu 25 kabla kanuni ya Marekani haijailazimisha taa kuwaka, au hadi 26 na kidogo kwa ile ya Ulaya. Baadhi ya watengenezaji huiweka iwake mapema zaidi, lakini usilitegemee hilo. Kati ya 33 na 26 kuna wiki nyingi za kuendesha tairi legevu bila neno lolote kutoka kwenye dashibodi.

Na macho hayatakusaidia. Tairi la kisasa, hata likiwa na upepo kamili, hubonyea kidogo pale linapogusa ardhi. Liweke lenye 33 kando ya lenye 26 na watu wengi watashindwa kusema lipi ni lipi. Kulipiga teke ndiyo kabisa, hakuambii chochote.

Kinachoumiza tairi legevu ni kukunjwa. Kila mzunguko, ubavu unajikunja ukifika chini na kujinyoosha ukipanda. Gurudumu la gari dogo lina mzingo wa mita 2 hivi, kwa hiyo kwenye kilomita 100 kwa saa ubavu unakunjwa zaidi ya mara 800 kila dakika. Upepo ukipungua, mkunjo unakuwa mkubwa zaidi, na kazi yote hiyo inageuka joto. Mpira haupitishi joto haraka, kwa hiyo linajikusanya begani mwa tairi, pale ubavu unapokutana na kashata, yaani uso wenye mifereji unaogusa barabara, ambapo ncha za mikanda ya waya za chuma zimezikwa ndani ya mpira. Hapo ndipo waya na mpira huanza kuachana. Ndiyo maana tairi lililoendeshwa legevu kwa mwezi mzima kwenye mizunguko ya mjini halipasuki mjini. Linapasuka siku gari limejaa watu na mizigo, barabara ndefu, jua kali, mwendo wa kasi. Mengine ni ya kawaida: kashata za pembeni pande zote mbili huisha kabla ya za katikati, breki huchukua umbali zaidi kwenye maji, na mafuta huliwa, takriban asilimia 0.2 kwa kila psi 1 inayopungua kwenye matairi yote manne.

Inafaa ujue gari lako linatumia mfumo upi, kwa sababu kuna miwili na haikosei kwa namna moja. Wa kwanza una sensa ndani ya kila gurudumu, mara nyingi imefungwa kwenye mguu wa valvu. Inapima presha yenyewe na kuituma kwa redio, kwa masafa ya megahezi 315 au 433 kutegemea soko ambalo gari lilitengenezewa. Kama dashibodi inakuonyesha namba ya kila tairi, una mfumo huu. Wa pili hauna chochote ndani ya tairi. Unasoma sensa zilezile za breki za ABS (zinazozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki) zinazohesabu mizunguko ya magurudumu: tairi lililopungua upepo linakuwa na nusu kipenyo fupi kidogo, linazunguka haraka kuliko wenzake, na kompyuta inashtuka. Ni werevu mzuri na wa bei nafuu, ila una udhaifu wa kuzaliwa nao. Mfumo huu unalinganisha. Matairi manne yakipungua pamoja, kidogo kidogo, kwa miezi mitatu, mifumo mingi ya aina hii haioni kitu kwa sababu hakuna tofauti ya kuona. Vilevile unajifunza kutokana na ulichoufundisha: ukibonyeza kitufe cha kuanza upya wakati tairi moja lina 27, umeuambia kwamba 27 ndiyo sawa. Kosa hili hufanyika kila siku. Mtu anaona taa, anabonyeza kitufe, taa inazima, anaridhika. Utaratibu ni kupima kwanza, kujaza, kisha kubonyeza, basi. Baada ya hapo gari huhitaji kuendeshwa kwa muda, mara nyingi kati ya dakika 20 na saa moja, ili lijifunze.

Namna taa inavyowaka nayo ina maana. Ikiwaka moja kwa moja na kubaki hivyo, presha imeshuka. Ikimeta kwa dakika moja hadi moja na nusu kila unapowasha gari, kisha ikatulia ikiwa imewaka, mfumo wenyewe una hitilafu: sensa haisikiki. Kwenye gari la miaka 7 au 8 sababu kubwa ni betri ya sensa. Betri hizo zimezibwa ndani na huishi miaka 5 hadi 10 hivi. Haibadilishwi betri, hubadilishwa sensa nzima. Hapo kujaza upepo hakusaidii. Pia kumbuka sensa hulala gari likisimama, ili kutunza betri, na huamka gurudumu linapozunguka. Kwa hiyo ukijaza upepo na taa ikabaki, usianze kuongeza juu ya ulichojaza. Endesha dakika kumi hivi kwa mwendo wa kawaida kwanza.

Ile inayowaka asubuhi na kuzima yenyewe baada ya kilomita kadhaa ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Tairi lilikuwa chini ya kiwango likiwa baridi, likapata joto, presha ikapanda juu ya mstari kwa unyoya. Upepo haujarudi. Jioni uko palepale, na kesho utakuwa chini zaidi.

Hilo linatuleta kwenye joto, ambalo huwachanganya watu kuliko misumari. Hewa iliyofungwa hupanda presha ikipata joto na kushuka ikipoa, takriban psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Chukua dereva anayejaza mchana baada ya mwendo mrefu, tairi lina nyuzi 45 ndani, geji inasoma 33, anaondoka na furaha. Alfajiri tairi limepoa hadi nyuzi 15. Presha sasa ni 28 na nusu. Hakuna kilichovuja, alijaza pungufu tu bila kujua. Kwa sababu hiyo namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ni ya tairi baridi: gari limesimama angalau saa 3, au limetembea chini ya kilomita 2 polepole. Ukilazimika kujaza tairi la moto, weka psi 3 au 4 juu ya namba ya kibandiko, kisha lipime tena likiwa baridi na urekebishe. Usitoe kamwe upepo kwenye tairi la moto eti kwa sababu geji inasoma 37; ongezeko hilo lilishahesabiwa na aliyeandika kibandiko. Na namba iliyochorwa kwenye ubavu wa tairi ni kikomo cha tairi lenyewe. Haihusiani na uzito wa gari lako, kwa hiyo usijaze kwa kuifuata.

Mwinuko nao una lake. Geji husoma tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Kwenye mita 2,000 hewa ya nje ina karibu 11.5 psi, wakati usawa wa bahari ina 14.7. Tairi lililojazwa 33 huko juu litasoma karibu 30 likifika pwani, kama joto halijabadilika. Kwa kawaida chini kuna joto zaidi, nalo hurudisha sehemu ya upungufu huo, ila mtu anayeshuka milima mara kwa mara apime tena akifika.

Sasa kuvuja kwenyewe. Hakuna tairi lisilopoteza upepo kabisa. Ndani limepakwa tabaka la mpira wa butili, ambao huzuia hewa vizuri kuliko mpira mwingine, na bado hewa hupenya taratibu, psi 1 hadi 2 kwa mwezi. Hiyo ni kawaida, na ndiyo sababu ya kupima kila mwezi hata taa ikiwa kimya. Namna ya kutenganisha kawaida na ugonjwa ni kalamu na karatasi. Asubuhi, tairi baridi, pima yote manne, andika. Baada ya siku 7 pima tena asubuhi kwa geji ileile. Sisitiza hilo la geji ileile: geji mbili zinaweza kutofautiana kwa psi 2 au 3, na bomba la kituoni linaloangushwa sakafuni kutwa nzima ndilo la mwisho kuliamini. Yote manne yakishuka nusu psi, huna tatizo. Matatu yakishuka nusu na moja likashuka 2, umelipata lenye tatizo, na umepata kasi yake pia. Kwa 2 kwa wiki, kutoka 33 hadi taa ni wiki 3 hadi 4. Likishuka 5 kwa usiku mmoja, usisafiri nalo.

Kwa kutafuta, unahitaji chupa ya kunyunyizia, maji, sabuni ya vyombo kiasi cha sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, chaki, na subira. Jaza tairi hadi 40 hivi, mradi hujapita kikomo cha ubavuni, ili upepo usukume kwa nguvu zaidi, utaurudisha ukimaliza.

Anza na valvu. Kikulacho ki nguoni mwako: anayekagua kashata nusu saa akitafuta msumari huenda anavujiwa na tundu lilelile analojazia upepo. Fungua kifuniko, dondoshea maji ya sabuni hadi mdomo wa valvu ujae. Tazama kwa karibu, usiguse. Valvu nzima inabaki na kioo cha maji kilichotulia. Valvu mbovu inaanza kuinua kuba dogo, linang'aa, linakua taratibu kwa sekunde kumi au ishirini, linapasuka, jingine linaanza. Ndani yake kuna moyo wa valvu: pini, springi ndogo na pete ya mpira isiyozidi punje ya mtama. Punje moja ya mchanga chini ya pete hiyo inatosha. Bonyeza pini mara moja kwa ghafla ili upepo upulize uchafu, kisha jaribu tena. Bado? Kaza moyo kwa kifaa chake, kwa vidole viwili tu, kwani uzi wake ni laini. Bado tena, badilisha. Ni kipande cha bei ndogo. Kama gari lina sensa zenye mguu wa alumini, dai moyo uliopakwa nikeli. Ule wa shaba wa kawaida ukikutana na alumini na unyevu huliana kwa kutu hadi unagandamana, na siku ya kuufungua mguu unakatika na sensa inakwenda nao. Kifuniko cha chuma kina madhara yaleyale kwenye mguu huo. Cha plastiki chenye pete ya mpira ndani ndicho kizuri, na kisikosekane, kwa sababu ndicho kinga ya kwanza ya vumbi.

Halafu mguu wenyewe. Kama ni wa mpira, upinde kwa kidole upande mmoja, kisha mwingine, huku ukinyunyizia shina lake. Nyufa zilizojificha ukiwa wima hufunguka ukipindwa. Mguu wa mpira hubadilishwa kila tairi jipya linapovalishwa. Anayekuvalisha tairi jipya juu ya mguu wa zamani hajakufanyia hisani.

Kashata ndizo zinazofuata. Gawanya gurudumu kwa chaki sehemu nne, nyunyizia moja baada ya nyingine, ingiza maji kwenye mifereji. Msumari ulioingia sawasawa huziba tundu lake wenyewe, ndiyo maana huvuja polepole. Usiung'oe ukiwa njiani. Ukiung'oa, tairi linalopoteza psi 3 kwa wiki linalala kwa dakika 3. Zungushia chaki, jaza, nenda kwa fundi nao ukiwa ndani.

Ukikosa hapo, ni mzunguko ambapo tairi limekaa kwenye rimu, na hapa ndipo fundi mwenye haraka huchemsha. Uvujaji wa rimu hautoi viputo vikubwa. Unatoa povu jeupe laini, la punje ndogondogo, linalojitokeza polepole kama maziwa yanayotaka kuchemka, na linaweza kuchukua dakika 5 hadi 10 kuonekana. Anayenyunyizia na kutazama sekunde tano atakuambia tairi ni zima. Kagua upande wa ndani wa gurudumu pia, ule unaoelekea chini ya gari, hata kama itabidi kupiga jeki na kulitoa. Midomo ya rimu iliyopinda kwenye mashimo mara nyingi imepinda upande huo.

Kwenye rimu za alumini chanzo cha kawaida ni kutu yake nyeupe. Rangi inainuka, chini yake kunajaa unga kama chokaa, na tairi halikai tena sawasawa. Dawa ni kulitoa tairi, kusugua mdomo wa rimu hadi chuma safi, kusafisha na ukingo wa tairi, kupaka gundi maalumu ya ukingo, kisha kurudisha. Kumimina gundi juu ya unga ule ni kazi ya kurudia baada ya miezi miwili. Rimu iliyopata ufa ni nyingine. Ufa ukionekana, ninashauri rimu ibadilishwe.

Kuhusu kuziba pancha: ile kamba ya mpira inayosokomezwa kwa sindano kutoka nje, bila kulitoa tairi, ni ya kukufikisha. Inazuia upepo, lakini hakuna aliyeona ndani, na maji yakipita kando yake yanafika kwenye waya za chuma na kuzitia kutu kimyakimya. Kazi kamili ni kulitoa tairi, kukagua ndani, kusafisha tundu, kupitisha kizibo chenye kiraka chake kama uyoga, na kukibana kwa gundi. Inakubalika kwa tundu lisilozidi milimita 6 na lililo kwenye eneo la kashata tu. Begani na ubavuni hapazibwi, kwa sababu ndipo panapojikunja.

Omba kuangalia ndani kabla halijafungwa, mwangaza wa simu unatosha. Tairi lililoendeshwa bila upepo lina unga mweusi wa mpira chini, kama masizi, na pete iliyochubuka kuzunguka ubavu, wakati mwingine nyuzi zimeanza kuonekana. Ukikuta unga huo, usibembeleze fundi aliokoe. Tundu linaweza kuzibika, ila ubavu umeshasagika.

Ile dawa ya povu inayoingizwa kupitia valvu ni ya dharura ya usiku peke yako barabarani. Inaweza kuziba kitundu cha sensa, kwa hiyo mwambie fundi ulishaitumia ili aoshe vyote. Kujaza nitrojeni badala ya upepo hakuna madhara, lakini hewa ya kawaida tayari ni nitrojeni kwa asilimia 78, na nitrojeni haizibi tundu la msumari wala kutu ya rimu.

Tairi linapofunguliwa kwenye gari lenye sensa, mwulize fundi kuhusu vipande vya kuchakaa: pete ya mpira, nati, moyo wa valvu na kifuniko. Pete ikishabanwa mara moja hairudi umbo lake, na baadhi ya pancha zinazorudi wiki ileile huwa ni pete hiyo. Matairi yakihamishwa mbele na nyuma, baadhi ya magari yanahitaji kufundishwa upya sensa ipi iko wapi, la sivyo dashibodi itakutuma kujaza tairi zima.

Kabla ya kugusa kitufe cha kuanza upya, acha usiku mmoja upite. Asubuhi chukua geji yako ileile, pima tairi lililotengenezwa pamoja na wenzake, na tairi la akiba pia. Lile jembamba la muda huhitaji 60 psi, na mara nyingi hukutwa na nusu yake. Andika namba, weka karatasi kwenye droo ya gari, pima tena baada ya siku 7. Kama lililotengenezwa halijashuka kuliko wenzake, bonyeza kitufe.